Likizo ya Baridi: Joto Ndilo Nililolichunga Zaidi

Baridi ya nje watoto huisema wenyewe: wanatetemeka, pua zinachuruzika, wanataka kurudi ndani. Kilichonishughulisha likizo hii ni vile vitu tunavyowapashia joto. Nina mtoto wa miezi saba, na kaka yake wa miaka minne ambaye hapiti penye moto bila kusogelea.

Hita niliiweka zaidi ya mita moja kutoka kwenye mapazia, kitanda na makochi. Nguo mbichi nilikataa katakata zisianikwe juu yake. Niliichomeka moja kwa moja ukutani, maana waya wa kurefushia huweza kupata moto hita inapovuta umeme mwingi, na tukienda kulala inazimwa. Yule mkubwa nilimbandikia utepe sakafuni kuwa hapo ndipo mwisho wake. Alielewa upesi, hata akawa anawaonya wageni.

Jiko la mkaa halikuingia ndani hata umeme ulipokatika, na kwa hili sijadiliani na mtu. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu usingizini kabla hajashtuka. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kwa hiyo ni rahisi kudhani ni mafua tu. Nilishawaambia wa nyumbani: tukiumwa kichwa kwa pamoja, tunatoka nje wote kwanza, kisha tunapiga simu ya dharura. Karibu na vyumba vya kulala nilifunga kifaa cha kuitambua hewa hiyo, nikajaribu mlio wake kabla shule hazijafungwa. Usiku ule wa giza tulijazana chumba kimoja, na masweta yakatosha.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya blanketi. Mama alipokuja kutusalimia alimtazama mdogo kitandani, akasema, “Mwanangu, huyu ataganda.” Alikuwa amevalishwa mfuko wa kulalia, bila blanketi, bila mto, bila kofia, kwa sababu chini ya mwaka mmoja vitu hivyo vinaweza kumziba pumzi au kumpasha joto kupita kiasi. Nikamwomba, “Mama, mguse kifuani, si mikononi.” Mikono ya mtoto mchanga hupoa upesi hata akiwa sawa. Akamgusa, akakuta ana joto, akanyamaza.

Kwenye gari, koti nene linavuliwa kabla ya mkanda. Koti la namna hiyo hubonyea gari likigonga, mkanda ukabaki umelegea na mtoto akachomoka. Nikishamfunga, najaribu kuufinya mkanda begani. Ukifinyika, bado umelegea. Koti namfunika nalo juu ya mkanda.

Maradhi niliyatangulia. Chanjo ya mafua hutolewa kuanzia miezi sita, na kwa kuwa mdogo ndiyo mara yake ya kwanza, alihitaji dozi mbili zilizopishana angalau wiki nne, hivyo tulianza mapema. Mikono tuliosha kwa sabuni, madirisha tukayafungua kidogo kila siku. Kikohozi kilipompata yule mkubwa, nilimpa kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala. Mdogo sikumwonjesha hata tone, kwani asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, na tumbo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja bado halijaweza kuvizuia.