Zebaki iliposhika dhahabu

Kwetu Geita, mjomba alikuwa akichanganya mchanga wa mwaloni, pale wanapooshea dhahabu, na zebaki kwa mikono mitupu, kisha anachoma lile donge juu ya kifuniko cha bati mpaka ibaki dhahabu. Sisi watoto tulisogea karibu kutazama moshi. Hakuna aliyetufukuza.

Kwa hiyo mwaka 2014, nikisoma shahada ya uzamili Ujerumani, nilipoulizwa nataka mradi gani sikusita: kitambuzi cha zebaki kwenye maji, kinachotengenezwa kwa dhahabu.

Dhahabu yenyewe haikuwa ya njano. Ukichemsha mmumunyo wake na sitrati, chumvi ya asidi ya limau, unapata chembe za nanomita kama 13 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), zinaelea majini, nyekundu kama juisi ya rozela. Anayezipanga ni DNA, nyuzi za urithi zilizoandikwa kwa herufi nne za kemikali: A, T, G na C; A hushikana na T, G na C. Uzi mmoja unabandikwa kwenye kioo, mwenzake kwenye chembe. Zikikutana zinashikana, na dhahabu inatandazika kuwa utando. Katika nyuzi zetu tuliweka kwa makusudi herufi T ikabiliane na T, ambazo kwa kawaida hazishikani. Ioni ya zebaki, yaani atomu yake yenye chaji, ikifika, inaingia katikati yake na kuziunganisha.

Kubandika DNA kwenye dhahabu kunahitaji chumvi, maana zote mbili zina chaji hasi na zinasukumana. Nilikuwa na haraka, nikaimimina yote kwa mkupuo. Sijaweka hata chupa mezani, wekundu ukageuka zambarau, kisha bluu ya majivu. Chembe zilikuwa zimegandana. Kazi ya wiki nzima, nililia. Mara ya pili niliongeza kidogo kidogo kwa siku mbili, nikirudi maabara hata usiku.

Hatimaye nikachovya vioo viwili, kimoja kwenye maji safi, kingine kwenye maji yenye zebaki kidogo sana. Nikavisuuza kwa maji ya chumvi, nikipandisha joto kwa nyuzijoto moja moja, maana joto huziachanisha nyuzi za DNA. Utando wa waridi kwenye kioo cha kwanza ukaanza kufifia, na ndani ya nyuzijoto chache ukaisha kabisa. Wa pili ulibaki. Nikapandisha tena. Bado upo. Ni ileile zebaki, imeishika dhahabu kama kwenye karai la mjomba.

Nilitoka nje kwenye baridi nikampigia mama.

“Shikamoo mama. Hivi mjomba siku hizi anachota maji wapi?”

“Marahaba mwanangu. Si palepale, chini ya mwalo.”