Nilivyoiweka printa ya USB kwenye seva ya Debian, pamoja na umeme wetu wa kukatika

Ofisi ya walimu shuleni kwetu ina printa moja, HP LaserJet 1020. Haina tundu la mtandao wala Wi-Fi, ina USB tu. Ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ya mtaaluma, kwa hiyo kila mwenye jaribio la kuchapa alikuja na fleshi yake na kumwomba apishe kiti. Seva yetu ya Debian 12 (mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux), inayotunza matokeo ya wanafunzi, inawaka mchana na usiku. Nikaamua printa ihamie huko, kila mwalimu achape kutoka mezani kwake.

Mimi huanza na waya kabla ya kugusa draiva yoyote, yaani programu inayoiendesha printa. Nikaandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, printa ikatajwa kwa jina pamoja na namba 03f0 ya mtengenezaji. Kebo nzima, tundu zima. Hatua hii ni ya sekunde chache na inaokoa usiku mzima wa kuhangaika na programu ambazo hazina kosa.

Kisha nikasakinisha cups na hplip, programu ya HP ya kuendesha printa zake kwenye Linux. CUPS ndiyo inayopokea kazi, kuzipanga foleni na kuzipeleka kwa printa. Michael Sweet aliitoa mwaka 1999, na kompyuta za Mac nazo huchapa kwa kuitumia. Nikajiongeza kwenye kundi la lpadmin, lenye ruhusa ya kusimamia printa, nikaendesha lpinfo -v, inayoonyesha printa zilizopo. Printa ileile ikaja na anwani mbili, moja inaanza na usb:// na nyingine hp:/. Nilichagua ya pili kwa sababu ndiyo inayopita kwenye hplip, na kwa printa hii hplip ina kazi kubwa.

Kazi yenyewe ni hii. LaserJet 1020, kama ilivyo 1018, haihifadhi programu yake ya ndani ikizimwa. Kila inapowashwa, kompyuta lazima iipelekee programu hiyo upya. Isipopelekewa, taa inawaka, kazi inaonekana kwenye foleni, na karatasi haitoki. Kwenye Windows draiva inalifanya hilo kimyakimya, ndiyo maana watu wengi hawajawahi kulisikia, na ndiyo maana wengi wakifika Linux wanadhani printa imekufa. Programu hiyo si huria, kwa hiyo haimo ndani ya Debian. Inashushwa kwa hp-plugin -i, ambayo huuliza maswali yake kwenye terminali, hivyo hata seva isiyo na kioo inatosha. Toleo la plagini (ndiyo hiyo iliyoshushwa) lazima lilingane na la hplip. Siku ukipandisha hplip, rudia.

Nikazima printa, nikaiwasha, ikajizungusha. Nikasajili foleni kwa hp-setup -i nikaiita ofisi, kisha:

lpadmin -p ofisi -o PageSize=A4 -o printer-error-policy=retry-job

A4 naitaja makusudi. Foleni ikibaki na Letter, karatasi ya Kimarekani, mistari ya chini ya mtihani inaweza kukatwa.

Hiyo retry-job, yaani kazi ikishindwa ijaribiwe tena, ndiyo iliyonipa kazi ya kufikiri zaidi. Seva iko kwenye UPS, betri inayoshikilia umeme ukikatika, lakini printa ya leza siwezi kuiweka huko: sehemu inayoyeyushia wino wa unga inavuta umeme mwingi kuliko UPS ndogo inavyoweza kubeba. Maana yake umeme ukikatika, printa inazimika na kusahau programu yake, huku seva ikiendelea kama kawaida. Nikajaribu kabla mtaaluma hajakumbana nalo. Nilituma mtihani wa kurasa nyingi, nikachomoa printa ukutani katikati ya kazi, nikaacha kidogo, nikarudisha. Udev, sehemu ya Linux inayotambua vifaa vinavyochomekwa, ikaiona imerudi, hplip ikaipelekea programu yake, na baada ya muda kazi ikaanza upya tangu ukurasa wa kwanza. Kurasa chache zinarudiwa, ndiyo. Kwa mtihani nakubali karatasi zizidi kuliko zipungue.

Foleni ikisimama kabisa, cupsenable ofisi inaiamsha, na sababu iko ndani ya /var/log/cups/error_log. Lisome hilo faili kabla ya kufuta kitu chochote.

Kuwashirikisha wengine hakukuchukua muda: cupsctl --share-printers. Ukurasa wa usimamizi sikuufungua kwa mtandao wa shule, kwa kuwa wanafunzi nao wako humo. Naufikia kwa njia salama ya kuingia kwenye seva, ssh -L 6310:localhost:631, halafu nafungua localhost:6310 kwenye kivinjari changu. Kwenye kompyuta za Windows niliongeza printa kwa anwani ya http, IP ya seva, bandari 631, kisha /printers/ofisi.

Wiki ya majaribio umeme ukakatika asubuhi. Uliporudi, mtaaluma akaniuliza, "Mwalimu, nitume tena?" Kabla sijamjibu, karatasi zake zilikuwa zimeshaanza kutoka.