Duara la Kijani

Mpwa wangu alisimama nyuma ya kiti changu juzi jioni, akaiona picha ya galaksi ya M33 kwenye skrini, akauliza: "Mjomba, sasa katika hizi zote, yako ni ipi?" Nikamwambia akalale.

Yangu! Enzi zile nilikuwa na orodha ya vyanzo vya eksirei ambavyo Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, iliviona katika M33, na kazi yangu ilikuwa kuitafuta, katika picha za darubini ya Hubble, nyota inayohusika na kila kimoja. Ukisikia hivyo unadhani ni kuchukua nambari za mahali na kwenda kutazama. Lakini M33 iko mbali, miaka ya nuru kama milioni 2.7, huko sekunde moja ya tao (pembe ndogo mno, 1/3600 ya digrii) ni takriban miaka ya nuru 13, na kwenye mikono ya galaksi eneo hilo hujaa nyota. Isitoshe, kila darubini ina hitilafu yake ndogo ya kujielekeza. Kwa hiyo unatafuta vitu vinavyoonekana bila ubishi katika picha zote mbili, kama viini vya galaksi za mbali au nyota za Njia Nyeupe, galaksi yetu, zilizo mbele, unapima tofauti, unasogeza. Inachosha, nawahurumia, nitaishia hapo.

Usiku ninaoukumbuka, chanzo kimoja kilikuwa kimeniteka. Ndani ya duara la kijani, lile linaloonyesha kwenye picha ya Hubble eksirei zinatoka wapi, katikati kabisa, palikaa nyota ya buluu, angavu, nzito, changa, ya aina ambayo shimo jeusi huweza kujilisha kwa upepo wake wa gesi na kutoa eksirei. Kichwani nilikuwa na M33 X-7: shimo jeusi ambalo enzi zile lilikadiriwa kuwa na uzito wa karibu Jua 16, na ambalo nyota mwenzake hulifunika kila baada ya siku 3.45. Pale, eksirei zikizimika kwa ratiba, nani atabisha? Changu kilitoa fotoni, yaani chembe za nuru, chache mno hata kuota ratiba.

Nikabonyeza kusogeza. Duara likahama, si mbali, hata upana wa kidole haukufika. Nyota ya buluu ikabaki ukingoni, nusu ndani, nusu nje. Katikati pakaingia kidoa chekundu chenye ukungu, ambacho kingeweza kabisa kuwa galaksi ya nyuma, mabilioni ya miaka ya nuru huko, ikichungulia kupitia M33 kama jirani penye pazia. Nikalirudisha duara. Nikalisogeza tena. Buluu, nyekundu. Buluu, nyekundu. Nadhani nilitaka lichoke likae nilipopenda.

Asubuhi msimamizi wangu akatazama, akasema tu, "Andika zote mbili." Spektra, yaani nuru iliyotawanywa katika rangi zake, ingeamua, tuliomba muda kwenye darubini kubwa, tukakosa. Kwenye jedwali kuna wagombea wawili na alama ya kuuliza.

Wako wanaosema hilo si jibu. Labda. Nikibanwa sana nitataja ile ya buluu, na nikiulizwa sababu sitakuwa na ya kisayansi: ndiyo niliyoiona kwanza.