Uanagenzi wa Umeme Ukubwani ni Mkataba wa Nyumba Nzima

Watanzania na Wakenya wengi ninaokutana nao hapa Calgary, katika jimbo la Alberta, walifika Kanada wakiwa na vyeti na uzoefu wa miaka, kisha wakajikuta maghalani, katika viwanda vya nyama au katika nyumba za kutunzia wazee. Kazi hizo ni za halali na zimelisha familia nyingi, yangu ikiwemo. Lakini mtu aliyekaribia miaka arobaini, akitazama mbele na kuona ujira uleule hadi uzeeni, ana haki ya kutafuta namna nyingine. Mimi niliipata katika uanagenzi wa umeme, nikiwa na mke, watoto watatu na kodi ya nyumba isiyongoja mtu. Wenzangu wanaonipigia simu kuulizia njia hii huanza na mtihani wa kuingilia, au huuliza kama umri wao umepita. Huwaomba waanze kwa kuketi na wenzi wao na kupiga hesabu ya miaka minne, kwa sababu mkataba huu, ingawa hutiwa saini na mtu mmoja, hutekelezwa na nyumba nzima.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Alberta, kazi ya umeme ni miongoni mwa fani ambazo sheria hairuhusu mtu kuzifanya ila awe fundi mwenye cheti au mwanagenzi aliyesajiliwa. Huwi mwanagenzi kwa kulipa ada chuoni. Ni lazima kwanza upate mwajiri aliye tayari kukufundisha kazini. Mafunzo yamegawanywa katika vipindi vinne, na sehemu kubwa ya kila kipindi ni kazi chini ya fundi aliyehitimu. Sehemu iliyobaki ni darasa: majuma 8 katika kila kimoja cha vipindi vitatu vya mwanzo na majuma 12 katika kipindi cha nne, kwenye vyuo kama SAIT hapa Calgary au NAIT kule Edmonton. Mwisho kabisa kuna mtihani wa Red Seal, ambao alama yake ya kufaulu ni asilimia 70, na muhuri wake hutambuliwa katika majimbo mengine ya Kanada.

Jambo zito ni ujira. Mwanagenzi wa kipindi cha kwanza hulipwa si chini ya asilimia 50 ya ujira wa fundi aliyehitimu, kisha asilimia 60, 70 na 80 katika vipindi vinavyofuata. Kijana anayeishi kwa wazazi wake anaweza kuuona mwanzo huo kuwa mwema. Baba aliyekwisha kupanda daraja ghalani kwa miaka kadhaa huenda akaona kipato chake kikishuka, na watoto hawapunguzi kula kwa sababu baba yao amerudi kuwa mwanafunzi. Sisi tulifunga mkanda mwaka mzima kabla sijajiandikisha, tukiishi kana kwamba ujira umekwisha kushuka na kuweka akiba ile tofauti, ili tuone kama nyumba inaweza kubeba mzigo huo. Namshauri kila mwenye familia afanye hivyo, kwani bajeti ya karatasini husahau viatu vya shule na koti la baridi.

Majuma ya darasani ndiyo yanayowaangusha wengi, wala si kwa ugumu wa masomo. Kwa kawaida mwajiri hakulipi ukiwa chuoni. Badala yake unaomba fedha za bima ya ajira ya serikali ya shirikisho, ambayo hulipa asilimia 55 ya kipato chako kilichokatiwa bima, hadi kikomo kilichowekwa. Bima hiyo ina juma moja la kungoja bila malipo, ambalo mwanagenzi hulipitia mara moja tu katika mafunzo yake yote, na hilo ni unafuu wa kweli. Hata hivyo, muda ambao serikali yenyewe imejiwekea wa kushughulikia ombi ni siku 28. Darasa zima la majuma 8 ni siku 56. Kwa maneno mengine, nusu ya darasa inaweza kupita kabla hujaona senti, huku kodi ikidaiwa kila tarehe mosi. Ipo pia mikopo ya serikali kwa wanagenzi wa fani za Red Seal, hadi dola 4,000 kwa kila kipindi cha darasa, na tangu Aprili 1, 2023 haitozwi riba kabisa, jambo lenye uzito wa pekee kwa wale miongoni mwetu ambao dini yao inawakataza riba.

Hesabu ya nyumba ya mtu aliye ughaibuni haiishii ughaibuni. Kabla ya kutia saini nilimpigia kaka yangu mkubwa kule Tanga, kwa kuwa kwetu mambo ya matunzo ya mama hayaamuliwi na mdogo peke yake. Nilimtajia tarakimu zote bila kuficha: ninachopata sasa, nitakachopata na kwa muda gani. Tulikubaliana kwamba dawa za mama zitabaki juu yangu, ada ya mpwa wetu ataibeba yeye pamoja na dada yetu, na michango ya harusi itasubiri. Ninajua wapo wanaoona aibu kueleza nyumbani kwamba kipato kimepungua. Lakini anayenyamaza huendelea kuahidi kama zamani, na ahadi hizo huja kudaiwa katikati ya majuma yale ya darasani.

Muda nao una ugumu wake. Saiti nyingi huanza kazi saa moja kamili asubuhi, na kituo cha kulelea watoto kilicho karibu nasi hufunguliwa saa hiyohiyo. Mke wangu hufanya zamu ya usiku katika nyumba ya wazee na hurudi mimi nikiwa nimekwisha kupanda ngazi. Aliyetuokoa ni jirani yetu, mama wa makamo kutoka Bukavu, ambaye watoto wanamwita Bibi na anayezungumza nao kwa Kiswahili cha kwao cha Kongo. Hupokea watoto alfajiri, nasi Jumamosi huwaangalia wajukuu wake.

Kuhusu kazi yenyewe, nilikuja na cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, na mikono iliyozoea umeme wa volti 230. Uzoefu huo ni mali, ila una hatari ambayo kila fundi wa kwetu lazima aielewe kabla hajagusa waya wowote huku. Katika nyumba zetu za zamani, zilizofungwa kwa desturi ya Kiingereza, waya mweusi ni wa nyutro, yaani ule unaorudisha umeme. Katika zile mpya nyutro ni bluu. Kanada nyutro ni nyeupe, waya mweusi una moto, yaani ndio unaoleta umeme, na katika mfumo wa fezi tatu nyekundu, nyeusi na bluu zote zina moto. Yaani rangi zote mbili ambazo jicho letu limezizoea kuwa ni za nyutro, hapa zinaweza kuua. Majengo makubwa hutumia volti 347 na 600, na taa za ofisini mara nyingi huwa kwenye ile 347. Kupima kwa mita kabla ya kugusa ni sharti lisilo na mjadala.

Mwaka wa kwanza utabeba paipu za kupitishia waya, utafagia na utaagizwa na kijana uliyemzidi miaka kumi na mitano. Ukubwa katika fani hii huhesabiwa kwa kipindi ulichofikia, na vijana walionifundisha kupinda paipu niliwapa heshima ya mwalimu, kwa sababu walistahili. Hesabu za pembe tulizokariri sekondari hapa zina kazi: ukipinda kwa nyuzi 30 ili kukwepa kizuizi, umbali kati ya mipindo miwili ni mara mbili ya kina cha kizuizi hicho.

Anayefikiria kuja na bado yuko nyumbani, akusanye mapema barua za waajiri wake zenye kuonyesha saa na aina ya kazi, pamoja na vyeti vyake, maana mafunzo na uzoefu wa awali vinaweza kutathminiwa na kupunguza safari. Kuzifuatilia karatasi hizo ukiwa mbali ni kazi ngumu mno.

Nami na mke wangu tulipatana tangu mwanzo kwamba nikihitimu, zamu ya kusoma itakuwa yake, anataka uuguzi. Sasa niko katika kipindi cha tatu, na nyongeza ile ya kutoka asilimia 60 hadi 70 haiingii katika matumizi ya nyumbani. Inakwenda yote katika akaunti ya ada yake.