Pakiti ilipofika dirhamu 20 ndio nikaacha sigara

Mimi nilivuta miaka kumi na moja. Nilianza nikiwa makanga wa matatu hapa Mombasa, fegi moja asubuhi gari ikingoja kujaa, ikawa mbili, mpaka naenda Dubai kuendesha pikap ya kampuni nilikuwa nishafika pakiti nzima kwa siku. Kule bakala, yaani maduka madogo ya vyakula, ziko kila kona na pakiti niliyozoea ilikuwa dirhamu 10, unalipa pamoja na mkate na maji hata huhesabu.

Tarehe 1 Oktoba 2017 serikali ya kule ikaanza kutoza kodi ya asilimia 100 kwenye sigara, na soda nayo asilimia 50. Tulikuwa tushasikia, chumbani kuna jamaa walinunua katoni wakaficha chini ya kitanda, mimi nikapuuza. Naingia bakala na noti yangu ya kumi, muuzaji akanambia ishirini.

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya risiti, 20 mara 30 ni 600, na nyumbani nilikuwa natuma 900 kwa mke, watoto wawili na mamangu. Iliniuma sana kwa sababu wiki hiyo hiyo mke alikuwa amenipigia, "Baba watoto, karo haijatimia, ukipata kidogo tutumie," nami nikamjibu sina. Na kweli sikuwa nayo, ilikuwa ishaungua.

Kwanza nikahamia sigara ya bei rahisi, kifua kikawasha alafu nikawa navuta nyingi zaidi. Nikaacha hiyo nikaamua pakiti moja siku mbili, naiacha kwenye gari nikimaliza kazi, maana kushuka ghorofa nne usiku kwa fegi moja mtu anaona uvivu. Chai ya karaki, ile ya maziwa na viungo, nikaikata kabisa, chai na sigara kwangu zilikuwa zimeoana, nikawa natafuna karafuu. Lakini mwisho wa mwezi naangalia pesa iliyotoka ni 300 ile ile ya zamani! Yaani hata nikipunguza nusu sibakishi kitu, na Januari 2018 ikaja VAT ya asilimia 5 juu yake. Hapo ndio nikaelewa dawa ni kuacha tu.

Ramadhani ya 2018 ikanikuta hivyo. Mchana kutwa hutii kitu mdomoni, baada ya futari nikawasha moja kichwa kikazunguka nikakaa kwenye ngazi, nikajiuliza kama mchana wote nimeweza hii ya nini, nikaizima ikiwa nusu. Siku tatu za mwanzo arosto ilinishika vibaya, usingizi hakuna, mikono haitulii, nilimfokea mwenzangu wa chumba kwa sababu ya taa tu, baadae nikamuomba radhi. Wiki ya pili ikalegea. Idi nikatuma 300 za ziada, mamangu akauliza, "Umepandishwa cheo, mwanangu?" Nikamwambia nimeacha sigara, akanyamaza kidogo kisha akaniombea dua ndefu mpaka krediti ikaisha.

Sasa nimerudi nyumbani. Hapa Kenya kodi ipo, mwisho wa 2024 iliwekwa shilingi 4,100 kwa kila sigara 1,000, ukigawanya ni shilingi 4 na senti 10 kwa fegi moja. Shirika la Afya Duniani linataka kodi ifike angalau asilimia 75 ya bei ya dukani na mimi nasema ipandishwe hata kesho, ila kuna kitu kinailegeza hapa kwetu, tunauziwa moja moja. Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kuuza pakiti ya chini ya sigara kumi, lakini kioski pakiti iko wazi na laita inaning'inia kwa uzi. Mtu wa moja moja ule mshtuko wangu wa bakala haupati, zikiongezeka shilingi mbili anazitoa hata hahisi.

Juzi nimesimama kununua unga, kijana wa shule, sare bado mwilini, akatoa sarafu ya ishirini akapewa moja, akawashia hapo hapo. Alipoondoka nikamuuliza mwenye duka mbona wamuuzia mtoto. Hakukasirika, akanijibu, "Kaka, pakiti nzima yule hawezi."

Nikamwambia hicho ndicho ninachotaka mimi, asiweze.