Nilivyojifunza Kiitaliano nyumbani kwa imla

Sijawahi kukaa Italia wala kuingia darasa la Kiitaliano. Kiitaliano nilicho nacho nimekipatia mezani kwangu, kwa daftari, simu na kalamu mbili. Leo nasoma magazeti yao, nafuatilia redio, na nazungumza na Waitaliano mambo ya kazi, familia na siasa bila kuhitaji mkalimani. Wanaoniuliza nimefanyaje hutarajia niwatajie programu fulani ya simu. Jibu langu ni imla.

Naam, imla ile ile ya shule ya msingi: mmoja anasoma, mwingine anaandika. Kiitaliano kinaikubali imla kuliko lugha nyingi kwa sababu maandishi yake yanafuata matamshi kwa karibu sana. Ukishazijua kanuni za herufi, unaweza kusikia neno usilolijua maana, ukaliandika sawasawa, kisha ukalitafuta kwenye kamusi. Kwa Kiingereza au Kifaransa jambo hilo halifanyiki kirahisi. Kwa mtu asiye na mwalimu hii ni neema kubwa, maana karatasi inakusahihisha yenyewe.

Kanuni zenyewe ni chache. Alfabeti yao ina herufi 21. J, k, w, x na y huonekana hasa kwenye maneno ya kigeni. Herufi c mbele ya e au i hutamkwa kama ch yetu, na ch yao hutamkwa k: cena ni "chena", che ni "ke". Vivyo hivyo g mbele ya e au i huwa j, gn inakaribia ny yetu (bagno, "banyo"), na sc mbele ya e au i huwa sh (pesce, "peshe"). H haitamkwi. Kinachohitaji mazoezi ya ulimi ni gli: unaukandamiza ulimi kwa upana wake kwenye kaakaa huku unajaribu kutamka "lyi". Mimi niliirudia kila nilipokuwa peke yangu mpaka ikazoea kinywa.

Utaratibu wangu ulikuwa huu. Nachukua sauti fupi yenye maandishi yake, dakika moja au mbili tu. Kwanza naisikiliza yote bila kushika kalamu. Kisha naisimamisha kila baada ya maneno machache na kuandika nilichosikia, hata kama sijaelewa. Nairudia tena kujaza mapengo. Hapo ndipo nafungua maandishi na kusahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha nasoma kipande chote kwa sauti pamoja na msemaji, nikimfuata mwendo na pumzi.

Kalamu nyekundu ndiyo iliyonionyesha pa kufanyia kazi: konsonanti maradufu. Kiitaliano kinatofautisha sete, kiu, na sette, saba. Capello, unywele, na cappello, kofia. Vitabu husema uitamke konsonanti kwa nguvu zaidi, na maelezo hayo hayatoshi. Katika sette ulimi unafika kwenye meno, unang'ang'ania pale kwa kitambo, ndipo unaachia. Na ile e ya kwanza inakatika upesi. Katika sete e hiyo hiyo inavutwa kidogo. Sikio langu lilipoacha kuisaka konsonanti na kuanza kupima urefu wa irabu iliyotangulia, imla zilinyooka. Kama ningepewa nafasi ya kumshauri anayeanza jambo moja tu, ningemshauri hili.

Mkazo nao unataka uangalifu kwa sisi wa Kiswahili. Maneno yao mengi huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama yetu, na mazoea hayo yanatufanya tusione yanayokwenda kinyume. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho huandikwa alama, kama città na perché. Ila tavolo, telefono na sabato mkazo wake uko silabi ya tatu kutoka mwisho, na maandishi ya kawaida hayaonyeshi chochote. Parlano, "wanasema", hutamkwa PAR-la-no. Nilijizoesha kuweka nukta chini ya silabi yenye mkazo, na penye shaka nikafungua kamusi ya Treccani iliyoko mtandaoni, ambayo huonyesha mkazo.

Sauti za kufanyia imla nilizitoa wapi? Chanzo nilichokitegemea zaidi ni sala ya Angelus ya Papa kila Jumapili adhuhuri. Kabla ya sala husomwa tafakari fupi kwa Kiitaliano, na maandishi yake hutolewa kwenye tovuti ya Vatikani. Papa Francisko alisoma polepole, kwa vituo, mwendo unaomfaa sana mwanafunzi. Uzuri zaidi, Radio Vatikani ina idhaa ya Kiswahili inayoeleza yaliyosemwa, hivyo nilikuwa na pa kupimia kama maana nimeipata. Hata asiye Mkatoliki anaweza kunufaika na hazina hii kama zana ya lugha.

Kwa kusikiliza tu, bila kuandika, nilipenda vipande vya masomo ya mwalimu Alberto Manzi. Kati ya 1960 na 1968 televisheni ya taifa, RAI, ilirusha masomo yake kwa watu wazima wa Italia wasiojua kusoma na kuandika. Manzi anazungumza wazi huku akichora kwa mkaa kwenye karatasi kubwa, na mchoro unakufumbulia neno kabla hujafikiria kamusi. Namheshimu sana mwalimu yule. Waitaliano wengi wa wakati ule walizungumza lahaja za kwao majumbani, na Kiitaliano sanifu walijifunza ukubwani.

Sarufi sikuianzia kitabuni. Muundo ukijirudia kwenye imla, ndipo nilipofungua kitabu kuutafuta. Sehemu kubwa ya upatanisho haikunipa taabu: libro nuovo, libri nuovi, casa nuova, case nuove. Aliyezoea kitabu kipya na vitabu vipya hashangai kivumishi kikibadilika kulifuata jina, kwa hiyo niliziruka kurasa nyingi zinazolielezea jambo hilo kirefu kwa wasomaji wa Kiingereza. Kitenzi nacho kinabeba mtenda, ila mwishoni: parlo, nasema, parli, unasema. Muda wangu niliuweka kwenye wakati uliopita, kwa sababu vitenzi vingine huchukua kitenzi kisaidizi avere, "kuwa na", na vingine essere, "kuwa". Ho mangiato, nimekula, husemwa na yeyote. Ila nimekwenda, mimi mwanamke nasema sono andata, mwanamume husema sono andato.

Kuzungumza kulihitaji mtu. Chuo Kikuu cha Napoli L'Orientale hufundisha Kiswahili, na hilo lilinipa wazo la kutafuta Waitaliano wanaojifunza lugha yetu. Nilimpata mmoja aliye Napoli. Tunapigiana simu, nusu ya muda Kiitaliano, nusu Kiswahili, na hatuchanganyi. Yeye ndiye aliyenisisitizia Lei, "wewe" ya heshima, kwa mtu mzima nisiyemzoea: kumuuliza hali, Come sta? badala ya Come stai? Nalishika sana hilo, maana kumwita mkubwa wa watu kama rika lako kunaharibu mazungumzo hata sarufi ikiwa safi.

Anayehitaji cheti anaweza kufanya mtihani hata kama amejisomea mwenyewe. Inayotambulika ni pamoja na CILS wa chuo cha wageni cha Siena na CELI wa kile cha Perugia, kuanzia A1, kiwango cha mwanzo, hadi C2, cha juu kabisa. Tangu 2018 anayeomba uraia wa Italia kwa ndoa hutakiwa kuthibitisha kiwango cha B1, hivyo ni vizuri kuangalia mapema karatasi zako zinadai nini.

Siku hizi nafanyia imla mazungumzo ya redio ya watu wawili watatu wanaokatizana, ambayo hayana maandishi popote. Nikikwama namtumia mwenzangu wa Napoli kipande hicho cha sauti, naye ananiandikia kilichosemwa. Yeye hunitumia vya Kiswahili, nami nafanya vivyo hivyo.