Jiko la Mama na Keekee ya Ami

Umeme ulikatika Unguja nzima Desemba 2009, na hatukuuona tena mpaka Machi 2010. Wengine giza lile wanalikumbuka kwa kelele za majenereta na ndoo za maji. Mimi nalikumbuka kwa jiko.

Lilikuwa jiko la gesi la kuchomea, la mabomba manne. Mama alilinunua kwa hoteli moja ya Paje iliyokuwa ikibadilisha vyombo, naye akilitegemea kwa shughuli za watu: mishkaki, kuku, changu wa kupaka. Chumvi ya bahari ilikuwa imelila. Mabomba mawili yametoboka, ukiyashika yanakuachia magamba mkononi. Mawili yaliyobaki yalikuwa yakitoa moto wa njano, wa masizi matupu. Nilizunguka Darajani na Mlandege, nikamwagiza ndugu yetu atazame Kariakoo. Vichwa vya duara vya majiko ya kawaida vilijaa tele. Bomba refu kama letu hakuna. Kibandiko kilishafutika, hata kuagiza nje hujui uagize nini.

"Lipeleke kwa ami yako," mama akasema. "Vyuma chakavu havikimbii."

Ami alikuwa seremala wa milango. Nilimwamkia, akaitikia huku keshapiga magoti mbele ya jiko. Akaingiza waya kwenye mdomo wa bomba, pale gesi inapochanganyika na hewa, akachokonoa. Ukamwagika udongo mkavu: nyumba ya dondora, ina vyumba vyake, na kila chumba kimejaa buibui waliokauka.

"Hewa itapita wapi, mwanangu? Ndiyo maana moto wa njano."

Nozeli nilitaka kuzizibua kwa sindano. Akaninyang'anya. Kile kitundu ndicho kinachopima gesi, akaniambia, ukikipanua utatia moto nyumba ya mamako. Akachomoa uzi mmoja wa shaba katika waya mbovu wa umeme, akazipitisha nao moja moja.

Kazi ilikuwa mabomba mapya. Nilimpelekea bomba la maji, akalikataa: zinki yake ikipata moto hutoa moshi wa sumu. Tukapata miguu ya madawati mabovu ya skuli, tukaichoma mpaka rangi ikaisha. Drili haina umeme, basi akatoa keekee yake, ile ya uta. Aliibandika karatasi juu ya bomba la zamani, akaisugua kwa masizi, matundu yote yakajichora. Mimi nikidondosha mafuta ya cherehani, yeye akivuta uta, mbele na nyuma, chuma kinalia taratibu, kijivumbi kinang'aa kwenye kidole gumba chake. Matundu 42 kila bomba. Siku mbili nzima, na sikumsikia akilalamika hata mara moja. Mpaka leo sijaona mikono yenye subira kama ile.

Magharibi ya siku ya tatu tulipaka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likachemka penye mpira. Tukaukata ulipopasuka, tukaukaza upya, tukapaka tena. Kimya. Ami akawasha kiberiti.

Mtaa mzima giza, na uani kwetu mistari minne ya buluu, mifupi, imetulia. Mama alisimama mlangoni na sinia la changu, hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Mwanzo ale shemeji yangu."